Mchanga Unaolia

3 Februari

Mdogo wangu,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza kifo cha ghafla cha kifungo cha tatu cha shati langu la kazini. Marehemu alifikwa na mauti mbele ya mhandisi na wageni wake, wakati nimevuta pumzi ili nionekane mwembamba. Alirukia kwenye karai la zege akazikwa humohumo, hata nafasi ya kumuaga sikupata. Ameacha ndugu zake katika hali mbaya, hasa yule wa kitovuni, ambaye naye hana siku nyingi. Wifi yako anasema kilichokufa si kifungo bali aibu yangu, na kwamba ilikufa zamani.

Basi hayo ndiyo makubwa ya huku. Madogo ni kwamba tu wazima. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Yule wa kwanza amenizidi kimo na amegundua anaweza kunitazama utosini, ambako anadai kuna uwanja wa ndege. Mama vipi? Na magoti yake? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyompelekea si ya kupaka bawaba za mlango. Najua anafanya hivyo, usimtetee.

Kazini tunasonga. Wodi ya wazazi imefika usawa wa madirisha, baada ya kusimama muda mrefu kwa sababu ya mchanga. Uliokuwa unaletwa ulikuwa vumbi lililopandishwa cheo. Ukiufumbata unakuachia kiganja chekundu, ukiupigia plasta leo, keshokutwa ukuta una nyufa kama visigino vyangu. Unanijua mimi na mchanga. Nachota konzi moja, naisogeza sikioni, nausugua. Mchanga safi unalia, kwaru, kwaru, kama mtoto anayetafuna sukari kwa kujificha. Mchafu unanyamaza. Vijana wa kazini wananiita Daktari kwa ajili hiyo, wanasema nimebakiza kuvaa kile kipimo cha shingoni tu. Wacheke. Hakuna lori linalomwaga mzigo hapa kabla sikio langu halijakubali.

Sasa yule muuza mchanga wetu, mwenye malori, tunayemwita Tani, alinijia amechoka kabisa. "Daktari," akasema, "nimekuletea mchanga wa pande zote za dunia, wote umeutia makosa. Hebu sema wewe, huo unaolia uliusikia wapi?" Nikamwambia. Tangu wiki iliyopita tunapata mchanga, mdogo wangu, ambao ukiusugua unataka kuinuka ucheze. Mhandisi naye alisikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima, ingawa nadhani hakusikia kitu.

Niandikie. Simu ipo, lakini ulisema kwenye simu nakujibu kwa kucheka, na kwamba kwenye karatasi mtu hawezi kucheka. Ona sasa kama siwezi.

Kaka yako


26 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, naona ilikuja kwa miguu. Poleni kwa msiba wa kifungo. Mama amecheka mpaka akapaliwa, kisha akaniambia nikuandikie uache kula umesimama. Magoti yake ni yaleyale. Dawa ya kuchua imekwisha, na mlango wetu siku hizi hausikiki kabisa.

Mimi sijambo, nimezama kwenye kitalu. Mwaka huu shule zimeagiza miche kuliko miaka yote, ya matunda na ya kivuli, wanataka kupanda mvua zikianza. Nimepanga mirija ya miche mpaka karibu na choo. Asubuhi ni kumwagilia, jioni ni kumwagilia, katikati ni kugombana na mbuzi wa jirani. Mama anakaa kivulini na fimbo, yeye ndiye polisi.

Sasa jambo lenyewe. Malori yamekuja kwenye kona ya mto, pale chini ya nyumba, pale ulipojidai unajua kuogelea ukatolewa na mimi. Wamefyeka matete na kukata njia ukingoni. Wanachimba mchanga kutwa nzima kwa mabeleshi, na tangu juzi wana mtambo wa kuchotea. Mwanzoni sikuwa na neno. Ni vijana wenye adabu, walikuja kuomba maji ya kunywa, Mama akawapa, akawauliza kwao wapi na kama mama zao wanajua walipo.

Lakini kaka, kisima. Unajua kisima chetu hunywa kutoka mtoni, mto ukishuka na chenyewe kinashuka. Ila hakijawahi kushuka hivi. Kamba imekuwa fupi, nimeiunga na ile ya kuanikia nguo. Na hapo kiangazi bado hakijakolea. Kisima kikikauka sina kitalu, na bila kitalu sijui tutakula nini hapa. Mama ndiyo kabisa, anasema maji ya bomba yana ladha ya sarafu.

Wewe uko kwenye ujenzi, unawajua watu wa mchanga. Hawa wametumwa na nani? Nani aliwaambia wapite mito yote ya njiani waje kuchimba huku kwetu? Niulizie.

Na kwenye barua yako umeandika "nikamwambia", halafu ukaruka. Ulimwambia wapi? Nauliza tu.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa heshima yangu. Nimepimwa macho, nimepewa miwani ya kusomea, na kwa mara ya kwanza nimeona sawasawa bei ya vitu ninavyonunua. Wifi yako anasema nimekuwa kama mwalimu mkuu aliyefukuzwa kazi. Amekuwekea kitambaa cha pazia, atakutumia akipata mtu wa kuaminika, yaani si mimi.

Kuhusu kisima, usiwe na hofu. Visima vina tabia ya kununa kabla ya mvua. Nakutumia kamba mpya, ndefu, ya nailoni, ile ya kijani ya kupandishia zege, haikatiki hata ukiniinulia mimi. Mto nao ni kiumbe wa ajabu, unachotoa unarudisha. Mvua moja nzito tu, mchanga mwingine unashuka kutoka juu, shimo linafunikwa, na watu wanasahau. Nimeyaona hayo.

Hao wenye malori ni vigumu kuwajua. Kila mwenye lori siku hizi anauza mchanga, na kila mwenye mchanga anasema ni wa kwake. Nitauliza.

Wodi imefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Ukiingia vyumbani kunanukia saruji mbichi, na mwangwi wake unamfanya mtu aongee taratibu. Mkunga mmoja alikuja kutazama, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pande mbili kupima, akasema, "Hapa sasa mtu atageuka." Wodi ya zamani wanalala wawili wawili. Nilitaka ujue hilo.

Mwambie Mama nimeacha kula nimesimama. Nakula natembea.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Sijapata jibu, na posta imenichosha. Barua hii nampa dereva wa lori, mmoja mwenye taulo shingoni. Anaenda huko mjini, nimemwomba aidumbukize posta, angalau safari iwe fupi. Ndiyo, nimewaomba msaada hao hao. Sina farasi.

Mama mzima. Anakusalimu.

Maji ya kisimani sasa yanatoka meupe kama maziwa mabovu. Nayaacha yatuame, namwagilia ya juu. Miche ya mwisho kabisa, ile ya upande wa mtoni, imeanza kukunja majani. Nilikwenda kwa viongozi wa hapa. Walinikaribisha kiti, wakanionyesha kibali chenye mihuri, wakasema mchanga ni mali ya maendeleo. Nikawauliza maji ni mali ya nani. Wakasema nirudi wiki ijayo.

Mama hataki kuniona nikiunga kamba. Nikishika tu ncha mbili anageuza kiti chake kutazama upande mwingine.

Umeuliza?

Mdogo wako


31 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata leo nikiwa kwenye kelele za kazi, nimeisoma nimesimama juu ya rundo la matofali, na nakujibu hapohapo ili usiseme kaka yako ni mvivu. Wifi yako na watoto hawajambo. Tumbo langu pia halijambo, limeanza kutangulia kufika mahali.

Umefanya vizuri kwenda kwa viongozi. Rudi tena, na tena. Watu wa ofisini hufanya kazi ili usirudi. Maji meupe yasikutishe, chuja kwa kitambaa mara mbili. Kuhusu miche, ihamishie upande wa juu, karibu na jikoni, itapata na maji ya kuoshea vyombo.

Nimeuliza, ndiyo. Watu wanasema mambo mengi. Hakuna la uhakika bado.

Leo nimeona nikuandikie haraka tu. Kuna kitu kinaniwasha miguuni siku hizi, siwezi kukaa. Nafikiri ni viatu.

Msalimie sana Mama. Mwambie nitakuja.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sote tupo. Mama anakohoa kidogo, si sana. Kamba imefika pamoja na barua zako mbili, zote siku moja, ya tarehe 22 na ya tarehe 31.

Nimezisoma jioni moja nimekaa kizingitini, na nilipomaliza nikazisoma tena. Kisha nikachukua kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya matrekta. Barua yangu niliandika tarehe 30, nikampa dereva aidumbukize posta. Yako inasema umeipata tarehe 31, kwenye kelele za kazi. Kaka, barua zetu hutambaa wiki tatu. Posta gani hiyo iliyokuletea kesho yake, mpaka juu ya matofali?

Dereva hakupita posta. Hakuwa na sababu. Aliona jina lako kwenye bahasha, akajua ni la mtu anayempelekea mzigo.

Ulimwambia Tani kona ya kwetu. Wewe. Mchanga unaolia uliusikia hapa, ukiwa na suruali iliyotoboka matakoni. Ni mimi niliyekuwa nakushikia sikio lingine usisikie upepo.

Sikuandikii ili nikutukane. Nimekwisha kukutukana jikoni, masufuria yote yamesikia. Nakuandikia kwa sababu ulisema mwenyewe, hakuna lori linalomwaga mzigo kabla sikio lako halijakubali. Basi kataa. Lori likija, chota, sugua, sema "Haulii". Neno moja tu. Tani hatachimba mchanga usiokuwa na mnunuzi.

Kamba ni nzuri na ndefu. Sasa inafika kwenye matope. Ukingo wa chini umeanguka wiki iliyopita, umekwenda na matuta mawili ya miche pamoja na kivuli cha Mama. Hakuwemo. Alikuwa amekwenda kumfukuza mbuzi. Tangu hapo namlipia mtu wa baiskeli atuletee maji kutoka bomba la shuleni, na Mama anayanywa amefumba macho.

Sema hilo neno, kaka. Au niambie huwezi, nijue.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Tu wazima. Barua hii nimeianza mara nyingi mpaka wifi yako ameniuliza kama namwandikia mwanamke mwingine. Nikamwambia ndiyo, tena ananitisha kuliko wewe.

Ni kweli, nilimwambia. Sikumwambia kwa ubaya. Aliniuliza swali la kazi, nikampa jibu la kazi, kwa furaha, kama mtu anayesifia mapishi ya mama yake. Sikuona malori. Niliona mchanga tu.

Sasa hilo neno. Nataka ujue kwa nini sijalisema. Nikiukataa huu, Tani atanirudishia lile vumbi, na juu ya vumbi hilo tutamwaga zege la dari, na chini ya dari hilo watalala wazazi na vichanga vyao. Hiyo ni sababu nzuri. Nimeigeuza juu chini, haina tundu. Shida yake ni kwamba nikiisema kwa sauti, naona haya. Halafu kuna hili lingine. Wifi yako nimemdanganya, mhandisi nimemdanganya, nesi aliyenipima uzito nimemdanganya huku mizani anaiona. Juu ya mchanga sijawahi. Nina mengi ya ovyo, na hilo ndilo moja lisilo la ovyo.

Kuna na la tatu. Hilo nitakuandikia siku nyingine.

Situlii, mdogo wangu. Nikikaa nasimama, nikisimama naondoka. Natumwa dukani narudi na kitu kingine. Napita mtaani nagusa kuta za watu, walinzi wananikodolea macho. Nikiukwangua ukuta kwa ukucha naujua, huu ni wa mto ule wenye mawe mekundu, huu ni wa ufukweni, una chumvi, wenye nyumba utawaumbua. Zamani nilikuwa naona nyumba. Sasa naona mji mzima ni mito iliyosimamishwa wima, na watu wamejipangia ndani yake wanapika.

Na bado tunajenga. Nami leo nimekubali malori mengine.

Usinijibu haraka.

Kaka yako


27 Juni

Kaka,

Shikamoo, na safari hii naisema kwa kusimama. Hatujambo. Kikohozi cha Mama kimepoa.

Nilisema sitakuandikia tena, nikashindwa kwa sababu ya habari zilizoko huku. Malori yameondoka. Tangu Jumanne iliyopita hakuna hata moja. Mimi sikuwepo, nilikwenda kupeleka miche iliyobaki kwenye shule moja ya mbali, niliporudi nikakuta kona iko kimya na watu wamesimama kwa makundi wanaongea habari zako. Zako wewe! Wanasema ulikuja mwenyewe. Wanasema ulishuka kwenye lori ukamkabili Tani, na alipokaidi ukalala chini mbele ya magurudumu, ukasema, "Pitisheni juu yangu." Wanasema wanaume wanne walishindwa kukuinua. Hilo la wanne ndilo lililonifanya niamini kidogo.

Muuza duka hataki hela yangu ya chumvi. Mwenye mbuzi amemfunga mbuzi wake, kwa hiari. Viongozi walionionyesha kibali wamepita kutusalimia, wanasema walikuwa upande wetu tangu mwanzo. Mimi nimelia, nakuambia ukweli, nimelia nikiwa na ndoo mkononi.

Kisima bado. Nimefunua asubuhi, matope yameanza kupasuka. Masika yametuangusha mwaka huu, na kila mtu ananiambia nisubiri mvua za vuli, kisima kitarudi. Nimesimamisha kuotesha, nina mbegu kwenye kopo nasubiri. Wewe unaujua mchanga. Niambie kama nisubiri.

Watu wakimsifia Mama kwa mwanawe, anaitikia ahsante, anasogeza fimbo yake. Walipoondoka aliniuliza jambo moja, na ameniambia nikuandikie kama alivyosema, nisipunguze: "Kama alikuja, mbona hakupanda nyumbani?"

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima wote. Mama ameuliza, na Mama siwezi kumpa utani akashiba, kwa hiyo leo soma polepole, na umsomee yote.

Sikulala mbele ya lori. Niliteleza.

Nilikuja na lori la Tani, nimebanwa katikati yake na dereva, kila gia ikiingizwa inaniingia ubavuni. Nilimwambia Tani nataka kuusikia mchanga palepale machimboni, kabla haujapakiwa. Nilikuwa nimeamua. Naomba uamini hilo. Njia nzima nililifanyia mazoezi lile neno, haulii, haulii, kwa ndani, mpaka dereva akaniuliza kama nasikia kichefuchefu. Na lile la tatu, nililokuficha, ndilo nililokuwa napigana nalo njiani. Mdogo wangu, nilikuwa napenda kuitwa Daktari. Tangu mchanga wetu uanze kufika, wajenzi wengine walikuwa wananitumia gari nikasikilize mchanga wao. Mtu mzima mwenye tumbo, anapelekwa kwa gari akatege sikio! Nilijua nikisema uongo mmoja tu, sikio langu halitakuwa sikio tena, litakuwa nyama iliyoning'inia kichwani. Hiyo ndiyo sababu. Wodi ilikuwa sababu ya kuwaonyesha watu.

Tulipofika sikuitambua kona. Nilidhani tumesimama mahali pengine tupumzike. Ukingo umekatwa kama mkate, mto umeshuka huko chini, mwembamba, na kati yetu na maji ni mashimo matupu. Nikashuka kwenye lori kwa heshima zangu zote. Hatua ya pili, ardhi ikaondoka. Nikaenda chini kwa makalio mpaka shimoni, mbele kabisa ya lori lingine lililokuwa linakuja kupakia. Dereva akakanyaga breki, vijana wakapiga mayowe. Hapo ndipo nilipolala mbele ya magurudumu. Nililala kwa sababu matope yalikuwa yamenikamata mpaka kiunoni. Sikusema "Pitisheni juu yangu." Nilisema "Mama yangu wee." Vijana wanne wakanifunga kamba ya turubai wakawa wananivuta, mmoja anasema, "Mzee, jisaidie kidogo basi," na mwenzake anamjibu, "Naona ameshajisaidia." Huo ndio ushujaa wenyewe.

Waliponitoa sikungoja hata kujipangusa. Nilichota konzi pale chini walipokuwa wanachimba, nikaipeleka sikioni mbele yao wote, na mdomo umeshajipanga. Nikasugua.

Kimya.

Nikachota pengine, nikachota na pengine. Kimya. Kiganja kikabaki chekundu. Ulikuwa udongo tu, kaka yako nimesimama na udongo sikioni. Nikasema "Haulii", na lilikuwa kweli tupu. Tani hakubisha hata kidogo. Alisema, "Nilijua. Wiki nzima tunakwangua tu. Hapa pamekwisha, Daktari." Akawapigia vijana mluzi, wakapakia mabeleshi. Ndivyo walivyoondoka. Sikuwafukuza. Walikuwa wameshiba.

Umeniuliza kama usubiri. Usisubiri. Mbegu zako zipeleke kwingine, karibu na bomba, nitakusaidia kuhamia, hilo nitalifanya. Mchanga ule ndio uliokuwa mtungi wetu. Mvua ikinyesha, mto ulikuwa unajaa polepole na maji kubaki humo mchangani, kisima kinakunywa humo kiangazi chote. Sasa mvua itakuja, maji yatapita mbio yaende zake, hakuna wa kuyashika. Nilikuandikia kwamba mto unachotoa unarudisha, na nilipoandika nilikuwa najua nusu ninayoiacha. Unarudisha, ila si kwa umri wa Mama. Wala wako. Dari la wodi limemwagwa juzi, ni imara, halina hata unywele wa ufa. Nikitembea juu yake najua nimekanyaga nini.

Wakati vijana wanafunga turubai, Tani aliniweka kando, akanipa leso yake nijifute uso. Akaniuliza kirafiki kabisa, "Sasa Daktari, kwingine wapi?"

Ninapajua. Wewe pia unapajua, na nakuomba usipaandike kwenye barua yoyote. Nikamtazama machoni nikasema, "Sijui. Sikumbuki kwingine." Ulitoka mwepesi, mdogo wangu, uongo wangu wa kwanza juu ya mchanga. Haukuniuma popote. Ningeusema mwezi wa tatu usingeniuma vilevile, na kisima kingekuwa na maji.

Tani alichukua leso yake, akaikunja vizuri, upande wa matope ndani. "Hapana haraka," akasema. "Utakumbuka." Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri mno. Ananiletea soda. Nami nikiona lori lake linapita barabara ya kaskazini, naacha mwiko wa plasta nalitazama mpaka liishe machoni.

Sasa jibu la Mama. Pale niliposimama, paa letu lilikuwa linaonekana wazi, maana matete hayapo tena ya kulificha. Mama alikuwa amekaa nje, mkono juu ya macho, anatazama bondeni. Akainua mkono. Sijui kama alinitambua, au alikuwa anawaaga wale vijana. Mimi pia nikainua wangu.

Nilipiga hatua kuelekea nyumbani, mwambie hivyo. Lakini njia ya kwenda nyumbani inapita kando ya kisima. Nikarudi nikapanda lori.

Kaka yako